Moja na Sifuri

Katika manga ya Lovely Complex, mwalimu anawatazama wanafunzi wake wawili wakibishana, anawapachika jina, na kuanzia hapo wamekwisha. Msichana ni Risa Koizumi, mwenye urefu wa sentimita 170 hivi. Mvulana ni Atsushi Otani, mwenye sentimita 156. Jina wanalopewa ni All Hanshin Kyojin, na si jina la kubuni: ni wachekeshaji wawili wa Japani walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1975, mmoja mfupi, mmoja mrefu. Kwa Mjapani jina hilo lina kichekesho cha pili ndani yake. Hanshin na Kyojin ni timu mbili za besiboli zenye upinzani wa jadi, kama Simba na Yanga, na neno kyojin lenyewe maana yake ni jitu. Kwa hiyo Risa anaitwa jitu mbele ya darasa, darasa linacheka, naye hana cha kufanya ila kuendelea kubishana na Otani, jambo linalozidi kuthibitisha kwamba mwalimu alikuwa sahihi.

Manga hii iliandikwa na kuchorwa na Aya Nakahara. Ilitoka katika jarida la wasichana la Bessatsu Margaret kuanzia mwaka 2001 hadi 2006, ikafika juzuu 17. Mwaka 2006 ilitengenezewa filamu ya waigizaji, na mwaka 2007 studio ya Toei ikaifanya anime ya sehemu 24. Mimi nilianza na anime, kwenye simu, usiku, hosteli, nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nilikuwa nimeambiwa ni hadithi ya msichana mrefu. Nina sentimita 181. Nimeshaitwa twiga, mlingoti na ngongoti, na nimeshaulizwa hali ya hewa ya huko juu mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za nyumbani. Nilitegemea hadithi ya kunifariji kuhusu urefu.

Kumbe urefu ni mlango tu. Mwanzoni Risa anampenda mvulana mwingine mrefu, Otani naye anampenda msichana mwingine mdogo, na wanakubaliana kusaidiana. Wale wawili wanaowatamani wanaishia kupendana wenyewe kwa wenyewe. Risa na Otani wanabaki na ubishi wao, mapenzi yao kwa mwanamuziki mmoja wanayemshabikia wote, na lile jina. Kisha Risa anagundua kwamba anampenda Otani, na hapo ndipo shida halisi inapoanza. Anapomwambia, Otani hachukulii kuwa ni kweli. Hamkatai wala hamdharau. Anasubiri tu sehemu ya kuchekea.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi ujue hadithi inatokea wapi. Risa na Otani ni wa Osaka, na wanazungumza Kikansai, lahaja ya upande huo wa Japani. Osaka ndiko ilikokulia manzai, vichekesho vya jukwaani vya watu wawili. Mmoja anaitwa boke: anasema ujinga. Mwingine anaitwa tsukkomi: anamkosoa papo hapo, pengine kwa kumpiga kofi la kichwani, akisema nande ya nen, ambayo kwetu ingekuwa kama “we vipi?” Kampuni kubwa ya wachekeshaji nchini humo, Yoshimoto, ilianzia Osaka mwaka 1912. Kwa hiyo, kwa miaka mingi Wajapani wa sehemu nyingine wamezoea kuisikia lahaja hiyo redioni na kwenye televisheni ikichekesha. Mtu akifungua mdomo kwa Kikansai, msikilizaji ameshaanza kutabasamu.

Maandishi ya Kiingereza hayakunionyesha hilo hata kidogo. Huko Risa anaongea Kiingereza kile kile anachoongea kila mtu katika kila anime. Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, na ni somo la lahaja lililonirudisha kwenye hadithi hii, safari hii nikisikiliza badala ya kusoma. Sisi nasi tuna lahaja moja iliyopewa kiti cha mbele. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na wengine tukabaki na namna zetu za kusema ambazo kwenye televisheni hupewa mlinzi, mpishi, au mjomba mlevi. Tunajua maana ya kusema jambo zito kwa sauti ambayo watu wameizoea kwenye vichekesho.

Kidato cha tano, katika shule ya bweni ya nyanda za juu, nilikaa dawati moja na kijana wa sentimita 163. Mwalimu wa jiografia alitutazama siku ya kwanza akasema, “Kumi, fungueni ukurasa wa kwanza.” Mimi nilikuwa Moja, yeye akawa Sifuri. Kwa miaka miwili hakuna aliyetuita majina yetu. Tuliongoza vichekesho vya mahafali, tuligombana mbele za watu ili wacheke, na baada ya shule tuliendelea kwa simu, yeye akiwa Mwanza, mimi Dar es Salaam. Sikumbuki mazungumzo yetu yoyote ya zaidi ya dakika moja ambayo hayakuwa na kicheko.

Nilimwambia stendi ya Msamvu, Morogoro, tulipokutana tukielekea pande tofauti. Nilisema maneno matatu, si zaidi. Alicheka mpaka akajifuta macho. “Moja bwana, siku moja utaniua.” Basi lake likapiga honi, akapanda. Sikukasirika. Kwa kanuni za mchezo wetu, alikuwa ametoa jibu sahihi.

Wiki iliyofuata nilimtumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Nilimwita kwa jina lake la cheti. Nilisema ninatambua thamani ya urafiki wetu na kwamba hisia zangu zimebadilika. Alijibu ndani ya dakika moja: “Nani kakuandikia hii?”

Hapo ndipo nilipomwelewa Risa vizuri zaidi kuliko somo lolote la isimu lilivyoweza kunisaidia. Risa habadilishi lugha. Hatafuti Kijapani cha Tokyo ili aonekane makini. Anarudia kumwambia Otani kwa Kikansai kile kile cha kutukanana, mpaka Otani anasikia. Anaposikia, jibu la kwanza ni hapana, na ni moja ya sehemu ngumu zaidi kutazama katika hadithi yote, kwa sababu mchekeshaji mwenzake ameacha kuchekesha. Lakini amesikia.

Na kama ningefikiri vizuri, sikuhitaji Osaka kunifundisha. Kwetu watani wanakuja msibani. Babu alipofariki, mtani wake mmoja alivaa kofia yake, akashika fimbo yake, akatembea uani kwa mwendo wa babu, akidai chai na kulalamika kwamba haina sukari. Bibi alicheka, akalia, akacheka tena. Hakuna aliyefikiri kwamba mtani yule hana uchungu. Utani ndio uliokuwa uchungu wake, na kila mtu uani alijua kuusoma.

Filamu ya mwaka 2006, aliyoiongoza Kitaji Ishikawa, Ema Fujisawa akiwa Risa na Teppei Koike akiwa Otani, ina chini ya saa mbili za kufanya haya yote. Inachangamka, ina rangi, lakini inabidi ikimbie. Mzaha wa watu wawili unahitaji muda ili ugeuke tabia, kisha tabia igeuke gereza. Anime ina huo muda. Ilipoanza Aprili 2007 manga ilikuwa imeshamalizika, na sehemu zake 24 zinakuruhusu kuchoka na ubishi wao, kuuzoea, kisha kuanza kuukosa unapokatika. Manga nayo ina kitu ambacho mwili wa mwigizaji hauwezi: katika fremu moja Nakahara anawachora kama vikatuni vyenye midomo mikubwa, na katika inayofuata, bila onyo, Risa ana uso kamili na macho yanayotazama chini. Jicho la msomaji linapita kutoka kichekesho hadi maumivu bila kufungua ukurasa.

Mara ya tatu nilimpigia simu. “Sifuri wee,” nikamwambia, “ile ya Msamvu haikuwa utani. Hebu punguza hicho kicheko chako cha fisi unisikilize.” Kimya. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiteka maji. Kisha akasema, “Nimesikia, Moja.” Akavuta pumzi. “Mara hii nimesikia.”

Jibu lilikuwa hapana. Alilisema polepole, kwa maneno yetu wenyewe, bila kumalizia na mzaha, na lilichukua zaidi ya dakika moja. Yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza marefu kiasi hicho bila kicheko. Nililia siku mbili. Siku ya tatu alinipigia kuuliza kama huko juu mvua imeacha kunyesha.