Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Leo naweka kando lugha za programu na hifadhidata, niongee kidogo kuhusu siasa. Najua wapo watakaoguna: wewe ni mtu wa kompyuta, siasa yakuhusu nini? Yanihusu sana. Hapa kwetu Kenya mfanyabiashara, serikali na mpiga kura hukutana ndani ya zabuni, na zabuni nyingi kubwa zina kompyuta ndani yake.

Chukua Anglo Leasing. Serikali ya NARC iliingia madarakani mwishoni mwa 2002 ikiahidi kumaliza ufisadi. Mwaka 2004 ikafichuka kwamba mfumo mpya wa pasipoti, ambao kampuni ya Kifaransa ilikuwa imetaja bei ya euro milioni 6, ulikuwa umepewa Anglo Leasing kwa euro milioni 30. Na kazi yenyewe ingefanywa na Wafaransa wale wale! John Githongo, aliyekuwa ameteuliwa kupambana na ufisadi, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London.

Mimi nimeonja kwa kijiko kidogo tu. Miaka kadhaa iliyopita niliomba zabuni ya mfumo wa kulipia ada katika ofisi moja ya umma. Hakuna aliyeniuliza data ingehifadhiwa wapi, wala mfumo ukianguka usiku nani angeamka. Nilichoulizwa, tena kwa upole na chai mezani, ni hiki: "Na wazee watakumbukwa vipi?" Sikuwakumbuka, na kazi sikupata. Tangu siku hiyo, nikisikia mfumo wa serikali umekwama, siulizi kwanza ni nani aliyeandika programu. Nauliza ulinunuliwaje.

Sasa tuje kwenye kura, maana hapo ndipo mambo huwa ya kufa na kupona. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume ya Kriegler ikachunguza jinsi kura zilivyosimamiwa, na mwaka 2008 ikapendekeza, pamoja na mengine, teknolojia itumike kutuma matokeo. Wazo zuri. Lakini teknolojia hainyeshi kama mvua, lazima inunuliwe.

Mwaka 2012 zabuni ya mashine za kusajili wapiga kura ilifutwa kwa mvutano, Serikali ikaingia kati na kuzipata kupitia makubaliano na Kanada. Siku ya kura, Machi 4, 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi, na utumaji wa matokeo ukakwama. Mahakama ya Juu ilikubali matokeo, lakini ikasema wazi kwamba ugomvi wa ununuzi ndani ya Tume ulichangia teknolojia kutopimwa mapema. Someni hapo mara mbili: mashine zilianza kuharibikia kwenye meza ya mikataba.

Ya karatasi nayo hayakuwa bora. Desemba 2014 mahakama ya Uingereza iliwatia hatiani kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman na wakurugenzi wake wawili kwa kuwahonga maafisa, wakiwemo wa uchaguzi wa Kenya. Katika barua pepe zao hongo iliitwa "kuku". Kura yako na yangu ilikuwa ikiliwa kwa ugali.

Halafu 2017. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia katika Tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8. Mahakama ya Juu iliagiza seva zifunguliwe zikaguliwe, Tume haikutii kikamilifu, na Septemba 1 majaji 4 dhidi ya 2 wakafuta uchaguzi wa urais. Kwa mtu wa kompyuta uamuzi ule ulikuwa somo kubwa: ukisema "mfumo wangu uko sawa" na hutaki kuonyesha ndani, neno lako halitoshi.

Mgala muue na haki yake mpe. Mwaka 2022 Tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Niliandika programu fupi ya kuzipakua, nikalala sebuleni kompyuta ikinguruma. Binamu yangu alikuwa wakala wa chama kituoni kwetu, nami nilikuwa na picha ya fomu aliyotia sahihi. Nikailinganisha na ile ya tovuti. Tarakimu zilikuwa zile zile. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, kesi ikaenda mahakamani, na Septemba 5 Mahakama ya Juu ikayaidhinisha. Unaweza kubishana na mengi ya mwaka ule, lakini ubishi ulikuwa juu ya fomu ambazo kila mmoja angeweza kuzifungua.

Tazameni basi. Katika mambo yote tuliyonunua kwa mabilioni, lililonipa mimi raia nguvu zaidi ni folda ya picha. Kampuni haikosi sababu ya kutuuzia mashine ghali, na mwanasiasa haikosi sababu ya kuipenda mashine asiyoielewa mtu mwingine. Kila mmoja anavutia ngozi kwake. Mpiga kura naye avutie kwake: mkataba utangazwe kabla ya kutiwa sahihi, vifaa vijaribiwe hadharani miezi kadhaa mapema, na matokeo ghafi yawe wazi kwa yeyote mwenye simu.

Wenzangu waandika programu, haya tunayajua kuliko wabunge wengi. Tukinyamaza kwa sababu tunaogopa kukosa zabuni ijayo, basi na sisi tumeshalishwa kuku.