Acha Mtoto Aketi Mwenyewe

Akina mama wenzangu, nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila siku nawahimiza wagonjwa wafanye mazoezi. Lakini binti yangu wa pili, mwenye mtindio wa ubongo, nilimshika kama yai. Alipotimiza miaka minane bado nilimbeba mgongoni kwa leso.

Siku moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinishauri nimpeleke kupanda farasi. Nilikasirika. Mtoto asiyeweza kuketi bila kuegemea apandishwe juu ya mnyama mkubwa vile? Jioni baba yao akaniuliza kwa upole, "Mama Neema, unamlinda mtoto au unailinda hofu yako?" Nilikosa jibu.

Tukaenda mtaa wa Karen, hapa Nairobi. Mtoto alivishwa kofia ngumu. Mtu mmoja aliongoza farasi, na wawili walitembea ubavuni wakimshika. Nilielezwa kwamba farasi anapotembea polepole, mgongo wake husogeza nyonga za aliyempanda karibu sawa na mtu anayetembea kwa miguu. Ili usianguke, misuli ya tumbo, mgongo na mapaja hufanya kazi bila wewe kuiamrisha. Nilijaribu robo saa tu, na kesho yake nilipanda ngazi za wodi nikiugua!

Hapo nilisikia pia habari za Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, aliugua polio, miguu ikapooza chini ya magoti. Mtoto akazaliwa salama. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, mama huyu aliyesaidiwa kupanda na kushuka alishindana na wanaume akapata medali ya fedha.

Binti yangu hajaanza kutembea, wala sitawadanganya kwamba farasi huponya ugonjwa huu. Ila baada ya miezi kadhaa, Jumapili moja aliketi kwenye benchi la kanisa ibada nzima bila kuniegemea. Nilishindwa kuimba kwa machozi.

Mama, usikurupuke. Muulize daktari kwanza, hasa kama mtoto ana kifafa, au nyonga zilizoteguka. Na kama kwenu hakuna farasi, bado jiulize: je, kuna jambo ambalo mwanao angeliweza, lakini mikono yako inamzuia? Mungu hakumpa misuli ili sisi tuifunge kwa leso.