Mwanamke Peke Yake Usiku: Loji ya Bwera na Gesti za Kwetu

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka Singida, analia. Basi lao liliharibika njiani, abiria wakaambiwa kila mtu ajitafutie pa kulala mpaka asubuhi. Gesti ya kwanza aliulizwa yuko na nani. Akajibu yuko peke yake. Kijana wa mapokezi akamtazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema mwanamke peke yake saa zile hapokelewi, kama ana mtu wake amlete aandikishwe. Gesti ya pili walimpokea, wakachukua hela yao kwanza, halafu saa sita wakaja kumgongea mlango kuhakikisha hajaingiza mtu. Huyu ni mwalimu, mama wa watoto, anatoka kuzika. Alikuwa bado na kanga ya msiba kiunoni.

Nimekasirika na mpaka sasa sijapoa. Na katika hasira hiyo nimejikuta namwaza mama mmoja wa Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, ambaye hata kama hatanisoma, nataka wa kwetu wamjue.

Makazi yangu ni Kampala. Nauza dagaa wa Mwanza, na mzigo mwingine naupeleka magharibi hadi Mpondwe, mpakani na Kongo, ambako wateja wa Beni na Butembo wanavuka kuja kununua. Wanaoifahamu njia hiyo wanajua kwamba mgeni halali Bwera kama hana sababu. Unalala Kasese mjini, penye hoteli za uhakika, alfajiri unashika gari, unamaliza shughuli zako mpakani, jioni unarudi. Kasese ina joto la kukausha nguo ndani ya nyumba, lakini feni ipo na kitanda kipo.

Siku niliyokutana na mama huyo tulipanda Toyota ndogo ya kugombania, dereva akigawana kiti chake na abiria kama ilivyo kawaida ya kule. Rejeta ikapasuka tukishapita Kikorongo, karibu na ikweta inapokatiza barabara, kwenye eneo la mbuga ya Queen Elizabeth. Huwezi kushuka ukasema utatembea, tembo wanavuka hapo. Tulibaki ndani ya gari, dereva akimimina kwenye rejeta maji yetu ya kunywa, tukasogea kidogo, tukasimama, tukasogea tena. Tuliingia Bwera usiku, mpaka umeshafungwa, mteja wangu yuko Kasindi ng'ambo ya mto Lhubiriha, na gari la kurudi Kasese hakuna.

Wa bodaboda ndiye aliyenipeleka kwenye loji. Nilipoiona nilitaka kumwambia tugeuze. Bati la barazani lilikuwa limening'inia upande mmoja, limeshikizwa kwa waya. Rangi ya ukuta imebabuka mpaka tofali zinaonekana. Taa ilikuwa balbu moja ya sola, na mapokezi yenyewe ni dawati la shule lililochongwa majina ya wanafunzi kwa kisu. Mlangoni kulikuwa na pipa la kunawia lenye bomba, limebaki hapo tangu mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakalazwa hospitali ya Bwera.

Akatoka mama wa makamo, kitenge kiunoni, akanipokea begi kabla sijasema neno.

"Karibu mama. Umetoka mbali?"

Nikamwambia gari limetuharibikia.

"Pole. Ikala kwanza. Umekula?"

Nikaketi. Ikaletwa bundu, yaani ugali wa muhogo, ya moto, na sombe, kisamvu kilichoungwa kwa mawese. Chumba sijakiona, hela sijatoa, jina sijaandika. Nilikula huku namtazama, nasubiri lile swali la uko na nani. Mwanamke yeyote wa Kitanzania aliyewahi kukwama njiani usiku analijua. Halikuja.

Kilichokuja baada ya kunawa ni daftari. Alitaka kitambulisho, namba yangu ya simu, na namba ya mtu mmoja wa nyumbani, tupate wa kumpigia ukizidiwa, akasema. Kisha akanieleza kwa nini wanaandika. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini. Tangu hapo mgeni yeyote, mwanamume au mwanamke, anaandikwa. "Siyo kwamba ninakuogopa, mama," akaniambia. "Ni juu ya watoto wetu."

Hapa ndipo nataka tuelewane. Kama kuna watu wenye haki ya kumshuku mgeni anayebisha hodi usiku, ni watu wa Bwera. Wamezika watoto waliouawa na waasi. Wamepokea Ebola. Wanaishi hatua chache kutoka kwenye vita vya Beni ambavyo haviishi. Na bado mama yule aliandika jina langu bila kunivunjia heshima, akanipa sababu yake, akanilisha. Sisi kwa amani tuliyo nayo, sababu yetu ni ipi hasa?

Chumba kilikuwa kibovu, sitakipamba. Kitasa kilishang'oka, tundu lake limezibwa kwa kitambaa chekundu. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kufuli na ufunguo wake, akanionyesha komeo la ndani nilifunge vipi. Akaleta kidumu cha maji ya moto na beseni. Akaleta na ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa choo kiko ng'ambo ya ua na mvua ilikuwa imenyesha, nisije nikateleza gizani. Halafu akawasha tochi ya simu, akaanza kuikagua neti. Ilikuwa neti ya viraka, nyuzi za kila rangi. Alipokuta tundu moja halijashonwa, alivuta uzi kwenye pindo la kitenge, akalikusanya lile tundu kwa vidole, akalifunga fundo papo hapo. Akaipitia neti na upande wa ukutani, ambako mimi nisingeangalia. Ndipo akaniambia nilale salama.

Nililala. Bati lilivuja pembeni mwa mlango, nikasikia matone usiku kucha, lakini hakuna aliyenigongea.

Asubuhi, kwenye katogo na chai ya maziwa ambavyo vilikuwemo ndani ya bei ya chumba, shilingi 20,000 za Uganda, alinisimulia habari za nyumba ile. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa migodi ya Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mji ule ulisimama kwa mishahara ya shaba. Shaba ikakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadaye na treni ya abiria ikakoma. Mzee akachukua kiinua mgongo chake, akarudi kwao Bwera, akajenga vyumba. Hesabu yake ilikuwa nzuri: Bakonzo wa huku na Banande wa Beni ni ndugu wa lugha moja, mpaka wa wakoloni ndio uliowakuta na kuwagawa, na biashara kati yao haijawahi kulala. Wafanyabiashara wakajaa kweli. Halafu vita, halafu Ebola, halafu mwaka 2020 mipaka ikafungwa kwa korona. Bati lile halining'inii kwa uvivu wa mtu.

Nyumbani kwetu mabati ni mazima. Gesti zina vigae, zina televisheni, zina feni ya dari na maji ya bomba. Zina pia dirisha la nondo la kukuhoji, tangazo la makatazo ukutani, na daftari lenye safu ya kabila na safu ya kazi. Kabila langu linamsaidia nini mtu anayenikodisha kitanda mpaka saa nne asubuhi?

Mama yangu alikuwa akipeleka mchele Mwanza, enzi zile mabasi hayaruhusiwi kutembea usiku. Basi likilazwa Nzega, mama alilala stendi juu ya magunia yake, amejifunika kanga mpaka usoni. Hela ya gesti alikuwa nayo kwenye fundo la kanga hiyo hiyo. Alichoogopa ni kuonekana alfajiri akitoka gestini, maneno yakatangulia kufika nyumbani kabla yake. Mbu walimla, mvua ilimnyeshea, malaria alirudi nayo mara nyingi. Mpaka leo mgongo unamsumbua, na sitaki kuambiwa ni uzee. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena mwaka 2023, lakini mabasi yanaharibika, barabara zinakatika kwa mvua, na binti zake tunaendelea kufika saa mbaya kwenye miji ya watu.

Shemeji yangu ana vyumba vyake Kahama. Nimemsimulia habari ya mdogo wangu, ananiambia nisiwalaumu: polisi wanataka daftari, mafumanizi yamewachosha wenye gesti, mume wa mtu akivunja mlango hasara ni yao. Hilo la mlango nalielewa. Nikamuuliza mbona mwanamume akija peke yake saa saba usiku, amelewa, anapewa ufunguo na taulo. Akaniambia mwanamume ni mwanamume. Hapo ndipo tulipoishia, na mjadala huu kati yangu na yeye bado haujaisha.

Ninachosema ni kwamba kumhoji mgeni na kumdhalilisha mgeni ni vitu viwili. Bwera walinihoji kuliko nilivyowahi kuhojiwa gesti yoyote ya Tanzania, na nilitoka pale nikiwa mtu mzima yule yule niliyeingia. Nilipomlipa mama yule alipokea hela ya chumba na ya chakula, ya maji ya moto akaikataa. Nikamwambia wasingya, neno lao la shukrani, akanisindikiza mpaka barabarani na kunitafutia bodaboda anayemfahamu.

Kwa wanawake wenzangu mnaofuata mzigo Mpondwe: jioni ikiwakuta, msilazimishe kurudi Kasese na gari bovu kupitia mbugani. Laleni Bwera. Bebeni kufuli lenu, tazameni komeo kabla ya kulipa, na maji ya moto yaombeni mapema kabla jiko la mkaa halijazimwa. Andikisheni jina kamili na namba inayopatikana, kwa sababu kule daftari lina kazi.