MAISHA NA MFUKO, SEHEMU YA 5: "Sista, nani atanunua maandazi yangu?"

Nimetoka shifti muda si mrefu, miguu inawaka, ila niliahidi sehemu ya 5 na ahadi ni deni. Kwa waliochelewa: kolostomi ni pale utumbo mpana unapotolewa kwenye ukuta wa tumbo, haja inatokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Ile sehemu nyekundu inayoonekana ndiyo stoma. Leo tunaongelea kurudi kwenye maisha, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Yeye ni muuza chai na maandazi kituo cha daladala. Siku ya kuruhusiwa wodi ilikuwa imejaa, tuko wauguzi wawili tu. Nikamwonyesha kubadilisha mfuko, dakika kumi, haraka haraka. Nikamwambia, "Mama, usijali, utarudi kwenye maisha yako ya kawaida." Binti yake alikuwa dirisha la malipo. Sikumsubiri.

Miezi mitatu baadaye akaja kliniki, sikumtambua. Amekonda, khanga imemzunguka mara mbili. Nikajua ugonjwa umerudi. Nikamvuta chumba cha kufungia vidonda, nikamuuliza, "Mama, unakula kweli?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nikila unajaa, sista. Nisipokula unabaki mtupu."

Kikombe kimoja cha uji kwa siku, basi! Nyumbani ametengewa kikombe chake na sahani yake. Biashara ameacha. "Nani atanunua maandazi ya mtu aliyebeba choo tumboni?"

Vipimo alivyoandikiwa na daktari havikuonyesha saratani kurudi. Kilichokuwa kinammaliza ni njaa na aibu. Na mimi nilimwambia asijali, nikaendelea na kazi.

Sasa nisikilize, wewe mwenye mfuko na wewe unayeishi naye.

Kwanza, kula. Kushinda njaa hakuzuii haja wala gesi, wengine gesi ndiyo inazidi. Kula kidogo kidogo, tafuna vizuri. Mfuko umwage ukifika theluthi moja, usisubiri ujae, maana uzito wake ndio unaoubandua.

Pili, pima stoma yako upya. Baada ya upasuaji huwa imevimba, na inaendelea kunywea kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Huyu mama alikuwa bado anakata tundu la mfuko kwa kipimo cha siku ile ya wodini. Tundu likawa kubwa, haja inagusa ngozi, ngozi ikachubuka, mfuko haushiki. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 tu kuzunguka stoma. Safisha kwa maji ya kawaida, kausha vizuri. Spiriti hapana, mafuta hapana, mfuko hautanata.

Tatu, kazi. Wiki hizo za mwanzo usibebe ndoo ya maji wala kiroba cha unga, utajitafutia ngiri pembeni ya stoma. Baada ya hapo rudi taratibu, ukimsikiliza daktari wako. Na mtembee na akiba: mfuko uliokwisha kukatwa, kitambaa, kijimfuko cha kutupia.

Nne, na hii ni ya familia. Kolostomi haiambukizi. Haja iliyo kwenye mfuko ni haja ileile unayoiacha wewe chooni kila asubuhi. Anayenawa mikono kwa sabuni ni msafi, asiyenawa ni mchafu, awe na mfuko au asiwe nao. Kumtengea mama yako kikombe hakukukingi na chochote.

Ila kuna mambo si ya kusubiri kliniki. Stoma ikigeuka zambarau au nyeusi, au haja ikikata kabisa huku tumbo linauma na unatapika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Haya yote nilimwambia yule mama upya, safari hii binti yake amekaa pembeni yetu. Nikampa binti abadilishe mfuko kwa mikono yake. Mikono ilimtetemeka. Alipomaliza akalia, akasema, "Mama nisamehe, niliogopa na sikuwa na wa kumuuliza." Hayo maneno yalinichoma mimi kuliko yeye.

Alirudi kituoni. Siku ya pili mfuko ukavuja kidogo. Akamwachia binti karai, akaenda nyumbani, akabadilisha, akarudi kabla chai haijaisha. Kuna mteja mmoja alisikia habari zake, hajaja tena. Wengine wanakunywa chai kama zamani. Sasa anaamka saa tisa usiku, anabadilisha mfuko kabla hajala kitu, maana muda huo stoma imetulia, ananawa, ndiyo anakanda unga.

Tangu siku ile simruhusu mgonjwa wa kolostomi bila ndugu mmoja kuona na kushika mfuko. Wodi ijae isijae, namsubiri atoke dirishani.

Sehemu ya 6 ni chakula: maharage, kabichi, na ile harufu mnayoniuliza inboksi kila siku. Na wewe uliyemtengea mtu kikombe, kairudishe kabatini usiku huu.

Muuguzi wenu.