Mahindi Yaliyooshwa

Mwezi wa Agosti mwaka juzi nilifungua mlango wa stoo yangu ya uani, nikapokewa na harufu niliyoifahamu. Magunia matatu ya mahindi, yale yaliyokuwa chini kabisa na kugusa ukuta, yalikuwa yameloa. Upande wa pili wa ukuta huo kuna pipa la maji, nalo lilikuwa likivuja taratibu pasipo mtu kujua. Nilipotumbukiza mkono katika gunia la kwanza nilihisi joto, mithili ya joto la mtu mwenye homa. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge mabonge, na juu yake palikuwa na vumbi la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano.

Mke wangu hakusita. "Baba Neema, tuyaoshe, tuyaanike, kisha tuyakoboe. Sembe yake itakuwa safi tu."

Nilikubali mara moja, maana ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Bibi yangu mzaa baba alikuwa binti mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyowapata Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na hadi anakufa alikuwa akiokota punje moja moja zilizodondoka kando ya kinu. Kwetu sisi kutupa nafaka lilikuwa jambo la kuombewa radhi. Nami nilipokuwa mwalimu nililihubiri hilo kwa miaka 38 bila kuchoka.

Tulikuwa tumekwisha kujaza karai la kwanza alipopita afisa ugani wetu, au bibi shamba kama sisi wazee tunavyozoea kumwita.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alisimama akilitazama karai. "Mnaosha?"

"Tunaosha."

Akanyamaza kitambo. "Kama yale ya shuleni, Mwalimu?"

Sina budi kueleza, msomaji. Bibi shamba huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1998 alikuwa darasa la tano katika shule ya msingi ambayo mimi nilikuwa mwalimu mkuu wake. Wenye umri wangu wanaikumbuka mvua ya El Nino, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1997 ikavuka hadi mwaka uliofuata. Shule ilikuwa na shamba, kwa kuwa sisi tuliopitia vyuo vya ualimu mwanzoni mwa miaka ya 70 tuliishika Elimu ya Kujitegemea kama watu wanavyoshika dini, na mahindi ya shamba hilo ndiyo yaliyokuwa ugali wa mchana wa watoto. Bati la stoo likang'oka, magunia 11 yakanyeshewa. Nikaita kamati ya shule. Mzee mmoja alishauri tuyatupe yote. Nilimjibu kwa ukali kwamba mtoto aliyetembea kilomita sita bila kutia kitu kinywani hawezi kushiba ushauri. Watu wakacheka, naye akakaa chini. Nilijiona shujaa siku ile.

Wanafunzi waliyaosha kwa zamu, yakaanikwa, yakasagwa. Nami kwa mkono wangu nikaandika katika daftari la stoo: "Yamesafishwa. Yanafaa kuliwa." Nikatia saini.

"Ugali ule ulikuwa mchungu," bibi shamba alisema. "Tulikuwa tunaumeza bila kuutafuna, ili usituone tunakunja uso."

Masika yale tulimzika mvulana wa darasa la tatu. Macho yake yaligeuka manjano na tumbo likavimba. Ilisemwa ni malaria, na huenda ilikuwa malaria kweli, kwani mbu wa mwaka ule hawakuwa na mfano. Sina haki ya kusema vinginevyo. Lakini tangu mwaka 2016 siwezi kulikumbuka jina lake bila kulikumbuka lile daftari.

Mwaka huo wa 2016 ndipo neno sumukuvu lilipotufikia vijijini. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, macho manjano, kutapika, tumbo kujaa, na 20 kati yao wakafa. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba kisa ni mahindi yao wenyewe, yaliyobeba sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Baadaye nilisoma kwamba jirani zetu wa Kenya walikuwa wameyaona makubwa zaidi: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliugua watu 317, wakafa 125. Na kabla ya hapo, mwaka 1981, huko Machakos, waliugua 20 wakafa 12. Huko Uingereza sumu hii ilijulikana kwa sababu ya bata mzinga zaidi ya 100,000 waliokufa mwaka 1960 baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Basi habari ilikuwapo miaka mingi kabla sijatia saini yangu. Haikufika kwangu, nami, niseme kweli, sikuitafuta.

Siku ile nilimwuliza bibi shamba swali la kiualimu: ukungu tumeuosha, sasa kimebaki nini?

Alinijibu vizuri kuliko nilivyopata kumfundisha. Ukungu, alisema, ni kiumbe, nao huoshwa ukaisha. Sumu si ukungu, bali ni kile ambacho ukungu umekwisha kukiacha ndani ya punje. Haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Ule uchungu wa ugali ulikuwa uchungu wa uozo tu. Moto wa jikoni hauiondoi hata uchemshe tangu asubuhi. Kuchambua husaidia, kwa kuwa mara nyingi sumu hujikusanya katika punje chache mbovu, na kukoboa hupunguza, kwa kuwa nyingi hukaa karibu na ganda. Lakini gunia lililooza lote utachambua nini? Na pumba utampa nani?

"Kuku," mke wangu alisema.

Kuku hudhurika, na mabaki ya sumu huweza kuingia katika mayai. Ng'ombe je? Sumu hupita katika maziwa. Hapo nikamkumbuka mama mmoja mpika pombe aliyekuwa amekwisha kutuma mtoto kuuliza bei, maana habari za mahindi mabovu husafiri upesi. Nayo pombe haiisafishi, na wanywaji wake wengi wana maini yaliyokwisha kuchoka.

"Kwa hiyo hata mdudu hana ruhusa ya kula?" mke wangu aliuliza, akaingia ndani.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la karanga. Hapa kwetu, karanga nono ni za kuuza. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye madoa hubaki nyumbani, zikatwangwa kuwa unga wa mboga na wa uji wa watoto. Ndizo hasa zinazopendwa na kuvu. Mimi mwenyewe, katika mikutano ya wazazi, niliwasisitiza akina mama wasikose kutia karanga katika uji wa mtoto dhaifu. Wakubwa wenye afya sumu kidogo ya kila siku haiwaangushi leo. Huharibu ini miaka na miaka, na mwenye homa ya ini aina ya B humweka karibu zaidi na saratani. Lakini mtoto ana ini dogo, na uji ndio mlo wake wa kila siku.

Siku hizi navuna kwa wakati, naanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, na magunia yamepanda juu ya chaga, mbali na ukuta. Kuna jaribio moja ambalo lingenifurahisha sana darasani: tia chumvi kavu katika chupa kavu, ongeza mahindi, tikisa dakika chache, kisha uache yatulie. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Isipogandama, bibi shamba huja na kipimo chake, kwani kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ndipo yanaingia katika mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo ina bei. Pensheni yangu inaijua.

Yale magunia matatu tuliyafukia. Mjukuu wangu alichimba shimo nyuma ya choo cha zamani, nami nikamwaga mwenyewe, gunia moja baada ya jingine. Mke wangu hakutoka nje. Majirani wawili walisimama upande wa pili wa ua wakitazama kimya, na najua walivyosema jioni.

Bibi shamba alibaki nami mpaka shimo lilipojaa. Nilimwuliza kama anamkumbuka yule mvulana wa darasa la tatu.

"Nilikuwa nakaa dawati moja na dada yake," alisema, kisha akaomba maji ya kunawa mikono.