Wilaya ya Macon katika Alabama: Mashamba, Chuo na Daftari la Kura

Ukitoka Montgomery, mji mkuu wa jimbo la Alabama lililo kusini mwa Marekani, ukafuata barabara kuu iendayo mashariki kwa mwendo wa maili 40 hivi, utafika katika mji mdogo wa Tuskegee. Mji huo ndio makao makuu ya Macon, mojawapo ya wilaya 67 za jimbo hilo, ambazo wenyewe huziita kaunti. Jina la Tuskegee lilikwisha kusikika Kenya tangu zamani, lakini habari za wilaya yenyewe, watu wake na serikali yake hazijulikani sana. Habari hizo zafaa kufikiriwa na kila mtu aishiye kwa jembe au kwa kalamu.

Eneo la Macon ni maili za mraba zaidi kidogo ya 600. Upande wa kaskazini ni vilima vya mchanga vyenye misonobari, na Mto Tallapoosa hupita mpakani. Upande wa kusini kuna udongo mzito wa mfinyanzi, sehemu ya ukanda mrefu wa ardhi nyeusi unaosifika kwa pamba. Katikati ya wilaya upo msitu wa Serikali wenye eka 11,000 hivi, mdogo kuliko misitu yote ya taifa katika Marekani. Hapo palikuwa mashamba yaliyochakazwa na pamba na kuchukuliwa na maji ya mvua. Katika miaka ya 1930 Serikali iliyanunua, ikapanda miti.

Wenyeji wa kwanza walikuwa Wamuskogee. Mwaka 1832 walitia sahihi mkataba wa kuitoa ardhi yao, na mwaka huo huo wilaya ikaundwa, ikapewa jina la Nathaniel Macon, mwanasiasa wa North Carolina. Baada ya miaka michache wenyeji hao walihamishwa kwa nguvu hadi magharibi ya mbali. Weupe wakaja na watumwa wao kulima pamba. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi wa watu weusi hawakupata ardhi. Wakawa wakulima wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi na mbegu kwa mkopo, na pamba ilipovunwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hesabu. Mkulima asiyejua kusoma alimaliza mwaka na deni.

Mwaka 1881 Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alianzisha chuo cha Tuskegee. Mwaka 1896 akaja George Washington Carver, mtaalamu wa mimea. Aliwafundisha wakulima kwamba pamba ikipandwa mwaka baada ya mwaka huifisha ardhi. Wapande kunde, karanga na viazi vitamu kwa zamu ili udongo upate nguvu tena. Kwa kuwa wakulima wengi hawakuweza kufika chuoni, mwaka 1906 chuo kiliwafuata mashambani kwa gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba majembe, mbegu na vyombo vya maziwa. Mwaka huo huo Thomas Campbell, mwanafunzi wa chuo hicho, aliajiriwa na Serikali kuu, akawa bwana shamba mweusi wa kwanza wa Marekani.

Mafundisho hayo ndiyo yaliyolifikisha jina la Tuskegee Kenya. Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 na kusifu elimu ya namna hiyo, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kufundisha walimu wa vijijini.

Sasa tutazame serikali ya wilaya. Macon haina gavana. Gavana ni wa jimbo zima. Kuna baraza la makamishna linaloshughulikia barabara, madaraja na matumizi ya fedha. Kuna sherifu, mkuu wa polisi na jela, na kuna hakimu wa mirathi, ambaye ofisi yake hutunza wosia, hati za ardhi na vyeti vya ndoa. Makamishna na sherifu huchaguliwa kwa kura, na hata hakimu huyo pia. Kwa hiyo, mtu asiyeandikwa katika daftari la kura hana sauti juu ya njia ipitayo shambani kwake, wala juu ya mtu awezaye kumtia jela.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Macon. Katika miaka ya 1950 watu weusi walizidi 8 katika kila 10, lakini wapiga kura wengi walikuwa weupe. Walimu wa chuo, wenye shahada kubwa, waliambiwa kwamba wameshindwa mtihani wa kusoma na kuandika. Pengine wajumbe wa bodi ya kuandikisha walijiuzulu, na wilaya ikakaa miezi mingi bila bodi.

Mwaka 1957 bunge la jimbo lilibadili mpaka wa mji wa Tuskegee. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukafanywa wa pande 28, na karibu wapiga kura weusi wote, 400 hivi, wakajikuta nje ya mji. Hakuna mpiga kura mweupe aliyetolewa. Wananchi hawakurusha mawe. Waliacha kununua katika maduka ya weupe, na kadhaa yakafungwa. Kisha Charles Gomillion, profesa wa chuo, akaenda mahakamani pamoja na wenzake, na mwaka 1960 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mpaka wa namna hiyo unavunja Katiba. Baada ya sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965 kuongeza nguvu, mwaka 1966 Lucius Amerson alichaguliwa sherifu wa Macon, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika kazi hiyo Kusini tangu karne ya 19.

Isidhaniwe kwamba kura ilimaliza taabu zote. Hesabu ya mwaka 2010 ilipata watu 21,452. Ya mwaka 2020 ilipata 19,532. Vijana wengi hufuata kazi mijini. Kodi ya ardhi katika Alabama ni ndogo, kwa hiyo fedha za barabara na shule ni haba, na baraza la wilaya haliwezi kufanya mambo mengi bila idhini ya bunge lililoko Montgomery.

Lakini iko tofauti kubwa kati ya umaskini wa mtu awezaye kumwondoa kiongozi wake na umaskini wa mtu asiyeweza. Carver alimfundisha mkulima wa Macon kuiponya ardhi yake, nayo ilikuwa elimu njema. Hata hivyo, mkulima yule aliyejua kulima vizuri, na mwanawe aliyejua kusoma vizuri, waliendelea kutawaliwa na watu wasiowachagua kwa miaka 70 na zaidi, mpaka majina yao yalipoandikwa katika daftari.