Mume yuko majuu? Soma kabla hujatia saini

Leo tuwaache kidogo wale wanaogombania mabwana, tuzungumze kodi. Usifunue ukurasa! Hii ni kodi yenye ndoa ndani yake, na inawahusu akina dada wote wenye waume Marekani.

Hapa Bongo ukiajiriwa unakatwa PAYE yako juu kwa juu, mwenzio anakatwa yake, jioni mnakutana kwenye ugali. Kule mambo ni mengine. Mwaka ukiisha watu wanajaza ritani na kuipeleka IRS, ambao ndio TRA yao, na siku ya mwisho kwa kawaida ni 15 Aprili. Walio kwenye ndoa wanachagua: kujaza pamoja, au kila mtu kivyake. Nafuu ya mtindo huu wa pamoja kwa nchi nzima waliianza 1948. Na ukifunga ndoa 31 Desemba, unahesabiwa mwanandoa wa mwaka mzima!

Sasa utamu wenyewe. Kwa mapato ya 2025, anayejaza kivyake hatozwi kodi kwenye dola 15,750 za mwanzo. Wanaojaza pamoja ni dola 31,500. Kama mke kipato chake ni kidogo, mume anafaidi karibu fungu lote la watu wawili. Mshiko huo, bwana! Ndiyo maana shemeji yangu aliyeko Ohio akamtumia dada fomu, eti "tia saini tu mke wangu, mengine niachie."

Dada ana saluni yake Sinza. Kwa sheria ya kule, mke asiye raia wala mkazi hawezi kujaza pamoja na mumewe mpaka wote wawili wakubali kwa maandishi kwamba naye ahesabiwe kama mkazi. Akikubali, anaombewa namba ya mlipa kodi, na kipato chake chote, popote kilipotoka, kinaandikwa. Yaani pesa za kusuka rasta Sinza zinasomwa na wazungu! Kodi aliyolipa TRA inaweza kumpunguzia, lakini kuandika lazima aandike.

Hilo dada aliliona dogo. Lililomtoa jasho ni deni. Mkishatia saini wote wawili, kila mmoja anadaiwa kodi yote, siyo nusu yake. Mume akificha kipato, IRS wanaweza kumdai mke, hata kama mlishaachana na yeye ana bwana mwingine. Msamaha upo kwa aliyekuwa hajui, ila uombe mwenyewe na uthibitishe kweli hukujua. Sasa shemeji anaendesha lori lake mwenyewe, hana bosi wa kumkata. Anachoingiza anakijua yeye na Mungu wake. Na dada ndiyo huyo anasubiri viza aende kuishi huko huko.

Mama anasema mke mwema hamchunguzi mumewe. Mama shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Hesabu yangu ni ya kidato cha nne, ila najua huwezi kudhamini mkopo bila kuuliza ni shilingi ngapi.

Kujaza kivyake nako kuna hasara, maana nafuu kadhaa unazikosa, mojawapo ile ya riba ya mkopo wa masomo. Lakini kuna jambo watu hawaambiani. Ukianza kivyake, una miaka 3 ya kubadili mkajaza pamoja. Ukianza pamoja, siku ya mwisho ikishapita hurudi nyuma kwa mwaka huo. Na ule ukubali wa kuhesabiwa mkazi, mkiufuta mara moja, nyie wawili hamuupati tena. Kwa hiyo huyo anayekuharakisha leo, mwulize haraka ya nini.

Dada aliuliza. Alitaka ritani nzima, pamoja na mapato ya lori, ndipo atie saini. Shemeji akanuna: "Kwani huniamini?" Siku nne hakupiga simu. Ya tano ikaingia WhatsApp, karatasi kumi na mbili kwa mpigo. Jana dada alifunga saluni mapema, tukakaa kitandani na kamusi tunazisoma moja moja. Tumefika ya tatu, na kuna dola za mafuta ya lori ambazo hata kamusi haijatusaidia. Leo jioni tunampigia atueleze.